Risasi Ipi ya Nguruwe Pori, na Ipi ya Kujifunzia Shabaha

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya viwavijeshi vamizi. Itakuja. Wiki hii nimeona nijibu swali ambalo nimeulizwa mara tatu tangu mahindi yaanze kubeba, na mara zote tatu aliyeniuliza alikuwa na jibu lake tayari, anataka tu bwana shamba amuunge mkono. Swali lenyewe ni hili: mwenye bunduki halali anunue risasi gani kwa ajili ya nguruwe pori?

Stashahada yangu ni ya kilimo, si ya wanyamapori. Lakini nimelelewa na mjomba aliyekuwa mwindaji mwenye leseni, na kabla hajaniruhusu kushika bunduki yake alinifundisha kusoma kitako cha ganda la risasi. Kwa hiyo leo nazungumza kama mpwa wa mwindaji.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo chini yake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Namba kama .22 au .375 ni kaliba, yaani unene kwa sehemu za inchi. Kichwa cha .375 ni kama milimita 9.5. Wakati mwingine namba ina habari nyingine ndani yake. Ile .30-06 ambayo wazee wengi wanaijua, 06 yake ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Ndugu yake .308 ilikuja mwaka 1952. Vichwa vyao vina unene mmoja, lakini ganda la .30-06 lina urefu wa milimita 63 na la .308 lina milimita 51. Mtu mwenye haraka anaona zinafanana, na hapo ndipo watu huumia. Risasi isiyo ya chumba chake inaweza kupasua ganda usoni kwako. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu, soma kitako cha ganda, na yafanane neno kwa neno. Usikubali "hii nayo inaingia".

Sasa habari ya kikundi. Katika kata yangu wapo wakulima 14 ambao mashamba yao yanapakana na msitu. Mmoja wao ana raifo ya .30-06 aliyoirithi kwa baba yake na kuombea leseni upya kwa jina lake. Walichanga fedha za risasi, wakaanza kubishana ghalani. Kijana mmoja mfanyabiashara wa mazao, naye ana shotigani halali, alisema wanunue za kwake kwa sababu ni rahisi. Mwingine akasema bora wamtafute mtu mwenye .458 "kama ya askari wa wanyamapori, ikimgusa haamki". Nikaitwa.

Nilianza na shotigani, kwa sababu ndiyo iliyo vijijini kwa wingi. Shotigani hurusha gololi, na saizi ya gololi ndiyo kila kitu. Zile ndogo za ndege, kama namba 6, kila moja haifiki hata milimita 3. Kwa kanga ni sawa kabisa. Kwa nguruwe ni uonevu. Nguruwe dume anaweza kuzidi kilo 100, ana ngozi ngumu na mafuta begani. Gololi zile zinamchoma tu, anaondoka nazo, vidonda vinaoza, na yule mnyama mwenye maumivu analala kwenye majani marefu njiani mama anapopita na kuni. Msimu wa juzi kijana wa kijiji cha pili alichanwa paja na nguruwe wa namna hiyo. Aliyempiga nguruwe hakuwa yeye. Alikuwa anakwenda mtoni tu.

Kwa shotigani ya geji 12, nguruwe anataka gololi kubwa, zile zinazokaa 9 kwenye ganda moja, zenye milimita 8 na kidogo. Nazo mwisho wake ni hatua 30. Zaidi ya hapo zinatawanyika, na unarudi kule kule kwa mnyama mwenye kidonda. Iko pia risasi moja nzito ya shotigani, ya gramu 28 hivi, ambayo inafika hatua 50 au 60 kwa mtu aliyefanya mazoezi nayo.

Raifo ni jambo jingine. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji inayozungusha kichwa ili kiende sawa kama mshale. Kwa nguruwe, .30-06, .308 au ile .303 ya Kiingereza ya zamani zote zinatosha na kubaki. Mkizipata zinazolingana na bunduki yenu, msibishane kati ya hizo tatu. Ubishi wenye maana ni wa aina ya kichwa. Kuna kichwa kigumu, kilichofunikwa shaba hadi ncha, na kuna kichwa laini, ambacho ncha yake iko wazi. Kigumu kinapenya na kutoka upande wa pili kikiwa bado na nguvu. Laini kinachanua ndani ya mnyama, kinamwua upesi, na hata kikitoka kimeshapoteza nguvu nyingi. Kwa mnyama wa saizi ya nguruwe chukueni kichwa laini. Kichwa kigumu ni cha tembo na nyati.

Yule wa .458 hakuridhika. Nilimwambia hivi: kanuni zetu za uwindaji zinataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama wakubwa wa hatari kama nyati na tembo, na ndiyo maana umeziona mikononi mwa askari. Bunduki hizo zina teke. Mtu asiyezizoea hufumba macho na kuvuta bega kabla hajafyatua, risasi inakwenda juu ya mgongo wa nguruwe. Mzee mmoja pale akadakia kwamba alisikia Mzungu wa zamani aliua tembo kwa risasi nyembamba. Ni kweli. Walter Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya safari zake Karamoja, Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000, na wengi wao kwa kaliba ya milimita 7. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Nikamuuliza mzee, kati yetu hapa nani amepasua fuvu la nguruwe akatazama? Watu wakacheka. Kwa taarifa yenu, moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani: fuata mguu wa mbele kwenda juu, ishia theluthi ya chini ya kifua.

Kwa kujifunza shabaha, bunduki ni .22. Risasi yake ni ndogo, kichwa ni gramu 2.6, haina teke, na bei yake inamruhusu mtu kupiga nyingi. Hata kwenye Olimpiki wanashindana kwa .22 katika mita 50, na duara la alama kumi kwenye karatasi lina upana wa milimita 10.4 tu, mdogo kuliko kifuniko cha kalamu kilivyo kirefu. Mkono unajifunzia hapo. Ila .22 isipigwe kwa nguruwe kamwe, maana .30-06 ina nguvu zaidi ya mara 20 yake. Ukishazoea .22, rudi kwenye bunduki yako halisi na risasi zile zile utakazotumia shambani, weka sahani ya chai mita 50, piga tano. Sahani ya chai ndiyo ukubwa wa sehemu ya kuulia. Zisipoingia zote tano, sogea karibu mpaka ziingie, na umbali huo ndio mwisho wako wa kumpiga mnyama. Mazoezi yafanyike mahali polisi walipokubali, mbele ya ukingo wa udongo.

Nimeuweka udongo mwishoni lakini ndio unaoninyima usingizi. Kichwa cha .22 kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Cha .30-06 kinaweza kupita kilomita 4. Jiulize, kilomita 4 kutoka shambani kwako ni wapi? Kwa wengi wa kata yangu ni shuleni na zahanati. Na nguruwe huja usiku, wakati kila shamba lina mtu kwenye dungu. Kijiji jirani, risasi ya mtu aliyepiga akiwa chini, akilenga macho yanayong'aa kwenye tochi, ilipita kwenye nguzo ya dungu la jirani yake. Mwenye dungu alikuwa ameshuka kujisaidia. Wakaifukua kwenye nguzo asubuhi: kichwa kigumu, kimenyooka kama kilivyotoka dukani.

Ndiyo sababu nasema mpigaji awe juu ya dungu, apige kuelekea chini, ili ardhi iwe nyuma ya mnyama kila mara. Na kabla ya jua kuzama wenye madungu wote waonyeshane walipo. Hakuna kaliba inayoweza kufanya kazi hiyo badala yenu.

Kuhusu vibali: nguruwe pori si wa mwenye shamba. Pitieni ofisi ya kijiji hadi kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kupiga chochote. Risasi hununuliwa na mwenye leseni kwa jina lake, si kikundi, wala kijana wa bodaboda hatumwi kuzifuata. Gobole la kutengeneza nyumbani lisitajwe kabisa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 litakufikisha mahakamani.

Na wafugaji, nisikilizeni hapa kwenye fani yangu: nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe bila kuugua. Mzoga usipitishwe karibu na banda, na mabaki wasipewe nguruwe wa kufugwa. Homa hiyo haina tiba.

Kikundi kile mwishowe kilikubaliana. Mwenye raifo alinunua boksi moja la risasi 20 za kichwa laini, na fedha iliyobaki wakanunua tochi na kuwalipa vijana wawili wa kulinda. Risasi 10 ziliishia kwenye karatasi. Afisa wa wilaya alipotoa kibali na kumtuma askari wake, nguruwe wawili walipigwa kwa usiku mmoja, risasi mbili, na kundi likahama. Nane zilizobaki zimefungiwa kabatini kwa mwenye leseni, na idadi imeandikwa daftarini.