Zamu ya usiku, sehemu ya 14: Muziki wa bure na ugomvi wa nyumbani

Najua niliahidi kwamba leo tunaendelea na habari za kutafuta mshipa kwa watoto, lakini tangu niweke ile picha ya meza yangu ya chai, watu wameng'ang'ania kitu kimoja tu. "Nesi, huo muziki kwenye simu yako ni wa nani? Mbona hao wasanii hatuwajui?" Wengine wakafikiri ni mambo ya kujidai. Hapana jamani. Kaeni vizuri, hadithi ni ndefu kidogo na mwishoni kuna ugomvi wa kifamilia.

Mnaofanya kazi za usiku mnajua hili: kukesha si kazi. Kazi ni kulala mchana. Mimi nimepanga nyuma ya gereji. Saa tatu asubuhi ndiyo naweka kichwa kwenye mto, na saa tatu hiyohiyo fundi anaanza kunyoosha bodi la gari kwa nyundo. Jirani naye ana redio, na redio yake haijui neno "punguza".

Sasa kuna usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, tulipoteza wagonjwa wawili kabla ya alfajiri. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nikakabidhi ripoti, nikapanda daladala, nikafika, nikaoga, nikalala chali na macho yangu makavu kama yametiwa mchanga. Nikashika simu nikatafuta muziki usio na maneno, maana maneno ya mtu yeyote siku ile yangenikera. Nikaangukia albamu inaitwa "Light Years" ya mtu anayejiita Stellardrone, raia wa Lithuania. Ilitoka mwaka 2013. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Ni sauti ndefu zinazokuja na kuondoka polepole, kama mashine ya oksijeni unayoisikia kutoka chumba cha tatu, ila bila ule wasiwasi wake.

Chini yake palikuwa na kitufe cha kununua, na pembeni yake pameandikwa kwamba bei utaje mwenyewe. Nikaogopa. Mwenzenu nimezoea mtandao wa kukwambia bure halafu unakatwa salio. Nikaandika 0 nikisubiri kufukuzwa. Ikakubali! Ikaniuliza nataka faili la aina gani, basi. Nikavumilia mpaka usiku bando la usiku lilipoanza, nikaishusha. Kesho yake nililala saa tano mfululizo na nyundo ya fundi ikipiga.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Niwaeleze mtandao wenyewe unavyofanya kazi, maana ndiyo mengi mliyoniuliza. Unaitwa Bandcamp, ulianzishwa Marekani mwaka 2008. Msanii anafungua ukurasa wake mwenyewe, hahitaji lebo, hahitaji meneja. Anapanga bei. Anaweza kusema dola 7, anaweza kusema bure kabisa, anaweza kusema lipa unachotaka kuanzia sifuri. Akiuza albamu ya kupakua, mtandao unachukua asilimia 15. Na tangu Machi 2020, Corona ilipowafungia wasanii kumbi, wakaanzisha Ijumaa maalumu ambazo wao hawachukui sehemu yao. Kumbukeni hizo Ijumaa, nitazirudia.

Kuna pengine panaitwa Free Music Archive. Ilianzishwa mwaka 2009 na WFMU, redio ya New Jersey inayoishi kwa michango ya wasikilizaji. Kule karibu kila kitu kina leseni za Creative Commons, yaani msanii mwenyewe ameandika mapema anachokuruhusu: chukua, sikiliza, gawa, mradi utaje jina langu. Wengine wanaongeza sharti kwamba usifanyie biashara. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wanafunga, watu tukahangaika kushusha tunachokipenda, kisha mwaka 2019 ikapata mwenye mpya. Tangu siku hiyo mimi kitu nikikipenda nakishusha, sikiachi huko juu hewani. Kuna na archive.org, wana chumba kizima cha lebo ndogo za mtandaoni zilizokuwa zinatoa albamu bure tangu enzi ambazo mimi sijui hata kuwasha kompyuta.

Msidanganyike lakini. Kingi ni takataka. Kuna mtu ameweka dakika arobaini za feni, nadhani ni feni, na amezipa jina la Kilatini. Dawa yangu ni hii: sisikilizi wimbo wa kwanza, kila mtu anaweka mzuri wake mbele. Nasikiliza wa nne. Wa nne ukisimama, nashusha yote. Na chagueni MP3 kama bando lenu ni kama langu. Albamu ya dakika 45 kwa ubora wa juu wa MP3 ni kama MB 100, lakini ile FLAC itakula mara mbili tatu ya hapo na kwa hedifoni za barabarani hutasikia tofauti.

Kwa njia hiyo nikampata Josh Woodward, mtu wa gitaa kutoka Ohio, nyimbo zaidi ya mia mbili na zote kaziachia. Huyu namsikiliza nikipiga pasi. Nikampata pia Kimiko Ishizaka, mpiga piano. Huyu mwaka 2012 alirekodi "Goldberg Variations" za Bach kwa michango ya watu, kisha akauachia ulimwengu mzima, hataki hata kutajwa jina: chukua, ni yako. Mimi Bach nilikuwa namsikia kwa jina tu. Nilichovutiwa nacho ni simulizi inayozunguka muziki ule, kwamba kulikuwa na bwana mkubwa mmoja asiyepata usingizi, akawa na kijana wa kumpigia kinanda usiku, na huo muziki ukatungwa kwa ajili hiyo. Wataalamu wengi wanaitilia shaka. Shauri yao. Mimi ni nesi wa usiku, hadithi ya mtu asiyelala naiamini kabla haijaisha.

Basi bwana, kuna bibi alikuwa wodini kwetu, siku ya tatu baada ya upasuaji, maumivu tumeyashika vizuri lakini usingizi hakuna. Saa nane usiku ananitazama tu. Nikamuuliza, "Bibi, nikuwekee muziki kidogo, taratibu?" Akasema weka mwanangu. Nikaweka simu karibu na mto wake, sauti ya chini kabisa, yule Kimiko. Bibi akasikiliza kama dakika tano hivi kwa adabu zote. Halafu akaniambia, "Mwanangu, kizuri. Kinanda kinaongea chenyewe, hakijibiwi na mtu. Huna hata Bi Kidude humo?"

Sina.

Jamani niliona aibu. Simu ina Lithuania, ina Ohio, ina watu wa Ufaransa wanaogonga masufuria, na haina wimbo mmoja wa kumfanya bibi wa Kitanzania afumbe macho. Nikamshika mkono tukapiga stori mpaka akasinzia, dawa ya zamani.

Nilipotoka zamu nikaanza kutafuta kwetu kwenye mitandao ileile. Na mnajua nilikutana na nini? Singeli! Kuna lebo ya Kampala inaitwa Nyege Nyege Tapes, mwaka 2017 walitoa "Sounds of Sisso", kazi za vijana wa studio ya Sisso ya hapahapa Dar es Salaam. Wazungu wameandika maoni chini, wanashangaa mwendo wa biti. Nikakuta na albamu ya Duke ya mwaka 2019, jina lake "Uingizaji Hewa". Nilicheka peke yangu kwenye daladala, maana wiki ile nilikuwa nimeshinda na mashine ya hiyo hiyo kazi. Muziki ninaopita nao kila siku kwenye vigodoro bila kugeuza shingo, nimekuja kuukuta dukani kwa watu umepangwa vizuri na una bei.

Hiyo haikuwa bure. Nikalipa. Na kulipa kule kukaniletea fikra ambayo sikuitaka: mbona wa nyumbani nimemlipa, na wale wengine wote nimewaandikia sifuri?

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Mdogo wangu wa mwisho anatengeneza biti. Chumba kimoja Mbagala, godoro kalisimamisha dirishani ili sauti isitoke. Laptopu nilimnunulia mimi kwa mkopo wa kikoba, na marejesho nimeyamaliza juzi juzi tu. Mwaka jana akamaliza albamu yake ya kwanza, nyimbo tisa, mdundo wa singeli kaupunguza mwendo kaupitishia kinanda juu. Si kwa sababu ni damu yangu, wimbo wake wa nne unasimama. Akaja kwangu Jumapili, akanywa chai, akasema, "Dada, nimeamua naitoa bure."

Nilipandisha. Nilimwambia maneno ambayo hapa siyaandiki. Wale mlionifuata tangu sehemu ya pili mnakumbuka: baada ya diploma nilijitolea mwaka mmoja na miezi saba kwenye kituo kimoja. Kila siku sare imepigwa pasi, nauli anatoa mama mwenye kuuza vitumbua. Nilizalisha, nilifunga vidonda, nilikesha, na kila nikiuliza habari ya posho naambiwa "unapata uzoefu". Neno bure kwangu lina harufu ya vile vitumbua. Nikamwambia, mimi sikulipa kikoba ili na wewe ukapate uzoefu.

Akaniacha nimalize. Kijana mpole yule, ananiudhi zaidi akiwa mpole. Akauliza, "Dada, kwenye simu yako kuna albamu ngapi?"

Sitini na tatu.

"Umelipia ngapi?"

Nne.

Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Halafu akasema, "Kule kituoni bei walipanga wao. Wakapanga sifuri. Hapa ninayepanga ni mimi."

Nimelala na hilo neno siku nyingi na bado sijalikubali lote. Kodi ya chumba hailipwi kwa kupanga. Anayeweza kugawa kazi yake bila kuumia mara nyingi ana pengine pa kula, na hapa pengine hapo ni mimi. Lakini kuna upande ana haki. Sisi tumelelewa kwenye bure ya kuchukua. Unampelekea kijana wa kibandani flashi, unampa elfu mbili, anakujazia nyimbo mpaka inakaribia kupasuka, na wasanii waliomo humo hakuna aliyeulizwa. Hela umetoa kabisa, ila haimfiki aliyeimba. Yule wa Lithuania mimi sikumwibia. Alifungua mlango mwenyewe akasema ingia. Ubaya wangu ni kwamba niliingia, nikalala kitandani kwake miaka mitatu, sikusema hata ahsante.

Kwa hiyo Ijumaa mojawapo ya zile nilizowaambia, baada ya mshahara, nikakaa na kadi yangu nikarudi nyuma. Si wote sitini na tatu, siwezi. Nilichagua kumi, kila mmoja dola mbili tatu. Ukilipa kuna sehemu ya kumwandikia msanii ujumbe. Kwa Stellardrone niliandika kwa Kiingereza changu cha chuoni kwamba mimi ni nesi, Tanzania, nakaa nyuma ya gereji, na albamu yako imenilaza mchana. Nikabonyeza haraka kabla sijaona aibu.

Mdogo wangu aliitoa albamu, lipa unachotaka kuanzia sifuri. Mtandao unampa msanii nafasi 200 za kupakuliwa bure kwa mwezi, akizidi anaongeza kwa hela, na yeye alikuwa na hofu kwamba zitaisha. Mwezi wa kwanza wameshusha watu 31. Waliolipa watatu. Mmoja ni mimi. Wawili hatuwajui.

Mmoja wa hao wawili alilipa dola nne akaandika ujumbe mrefu. Tukauweka kwenye programu ya kutafsiri, roho zinatudunda, tukijua ni sifa. Alikuwa anasema wimbo wa tano umekatika sekunde mbili kabla ya kuisha, je, ni makusudi?

Haikuwa makusudi. Mtoto wa watu alikesha usiku kucha anaurekebisha. Saa kumi alfajiri, mimi niko wodini naandika chati, simu ikatetemeka: "Dada nimemaliza, ila bando limeisha, siwezi kuupandisha."

Mwaka mmoja na miezi saba kule kituoni hakuna aliyewahi kukagua kazi yangu kwa makini kama yule mgeni wa dola nne.

Nikamtumia bando.