Nilipima Betri kwa Mizani ya Bucha

Mmeniuliza sana kwa nini siku hizi napanda mat na nina skuta ya stima. Jibu ni betri.

Skuta ilikuja na betri nne za asidi, volti 12 kila moja. Naishi Hurlingham, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Kila jioni nilizibeba mbili mbili, soja akiniangalia kama mwizi. Sasa zimechoka. Nikitoka Yaya, Adams sifiki.

Nikaenda kutafuta lithiamu. Mjini nikapata moja ya volti 48, imeandikwa 40Ah, bei ya kutupa. Muuzaji, kijana wa rika langu, akaniambia, "Chukua boss, hata chaja yako ya zamani itafanya." Pesa nilikuwa nayo, ile mathe alinitumia ya semesta ambayo sikumaliza. (Anajua. Tulishaongea. Si stori ya leo.) Nikaacha nusu, nikasema nitamalizia kesho.

Nikapitia bucha ya mtaani, nikaomba mizani. Kilo nne na nusu.

Sasa piga hesabu. Volti 48 mara 40 ni wati-saa 1,920. Seli nzuri kabisa za aina hiyo hubeba kama wati-saa 250 kwa kilo. Hiyo betri ingefaa kuwa karibu kilo nane, hata kabla ya kasha na nyaya. Mwenye bucha hakuelewa nacheka nini.

Lakini ampea za uongo ni hasara tu. Chaja ndiyo ilinitoa jasho. Chaja ya asidi ya volti 48 hufika karibu volti 59. Ile betri ilikuwa na seli 13 kwa mstari, na kila seli mwisho wake ni volti 4.2. Jumla 54.6. Hapo katikati kati yako na moto kuna kibodi kidogo kinaitwa BMS, na mtu aliyedanganya kwa stika, kwa nini nimwamini kwa kile ambacho sikioni?

Keja yangu ni bedsita. Mlango mmoja, soketi iko kando yake, na broo yangu mdogo hulala kwa godoro hapo chini. New York mwaka wa 2023 watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za lithiamu. Moto ukianzia mlangoni, yeye atatokea wapi?

Nikairudisha. Kijana alinuna, akanirudishia pesa kwa M-Pesa vipande vipande.

Wasee wa boda za Ampersand na Spiro hawana hii shida, wanabadilisha betri kituoni wanaenda. Skuta yangu ya mtumba haiingii kwa mfumo wao. Kwa hivyo naweka pesa ya LFP, ile ya chuma na fosfeti. Ni nzito kuliko ile nyingine na bei inauma, lakini inavumilia joto zaidi na inaishi sana. Seli 16, chaja yake yenyewe ya volti 58.4, na BMS inayozidi ampea za kontrola, maana kupanda Valley Road si mchezo.

Nimefika kama nusu. Skuta iko chini ya ngazi, imefunikwa na leso ya mathe, na soja ameanza kuanika soksi zake juu ya usukani.