Kabla Hujajaza Viroba Uani

Dundee, Scotland
Agosti

Mama mdogo,

Ile video uliyonitumia nimeitazama mpaka mwisho. Yule bwana anachana kiroba kwa kisu, viazi vinamwagika kuanzia mdomoni hadi kitakoni, na sauti inaapa kwamba kiroba kimoja kinalisha familia nzima. Umeuliza kama ni kweli, kwa kuwa huku nilipo watu wanapanda viazi kwenye ndoo, na kama na wewe ujaze viroba uani ili banda lako la chipsi liachane na safari za alfajiri za soko la Kilombero. Nakujibu hapa gazetini, maana naijua Ngarenaro: video ikiingia kwenye simu moja asubuhi, jioni mtaa mzima unayo.

Kwamba huku watu wanapanda, ni kweli. Nyuma ya jengo tunalopanga kuna uwanja mdogo wa kuanikia nguo, na ukutani zimepangwa ndoo, mapipa ya taka yaliyotobolewa chini na mifuko minene inayouzwa dukani kwa kazi hiyo hiyo. Fundi wetu ni mzee mstaafu wa chumba cha chini. Februari, nje barafu haijayeyuka, yeye keshapanga mbegu zake dirishani kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi ukitazama juu. Anazitaka zipate mwanga bila jua kali. Kila asubuhi anavaa miwani na kuzikagua moja moja: chipukizi fupi, nene, lenye rangi ya zambarau linabaki, refu, jeupe na legelege analikwanyua kwa kidole gumba, kwa sababu hilo limelelewa gizani. Aprili anatia udongo na mboji robo ndoo, anakalisha mbegu mbili au tatu, anafukia. Majani yakichomoza anaongeza udongo, yakichomoza tena anaongeza, mpaka ndoo inajaa. Siku za jua anamwagilia bila kukosa, kwa kuwa ndoo hukauka upesi kuliko shamba. Julai anaipindua juu ya turubai.

Zinatoka kilo mbili. Mwaka ukiwa mzuri, tatu, kutoka kwenye ndoo ya lita 40.

Sasa wewe mfanyabiashara piga hesabu. Gunia la kilo 100, tuache lumbesa, ni karibu ndoo 40 za namna hiyo, kila moja na udongo wake, samadi yake, maji yake ya kubeba, na miezi mitatu au minne ya kusubiri. Uani kwenu mna bomba moja na wapangaji wanaopishana na madumu tangu saa kumi na moja. Huyu mzee hapotezi kitu, kwa sababu duka la viazi liko kona ya pili na pensheni inaingia. Anachofuata ni kula kiazi alichokichimba leo leo, na haki yake. Banda la chipsi haliendeshwi hivyo.

Na video ile imetengenezwa. Viazi havipangi ghorofa. Hutokea kwenye vikonyo vinavyochipuka kwenye shina lililofukiwa, na aina nyingi hutoa vikonyo hivyo mapema, jirani na mbegu, kisha basi. Udongo unaoongezwa juu una kazi yake, lakini kubwa ni kuvifunika viazi visipigwe na mwanga vikawa kijani, na ukijani huo huandamana na sumu iitwayo solanini. Ndiyo maana nakusihi, ukikuta kiazi cha kijani kwenye gunia, usikimenye juu juu ukakitia kwenye karai.

Kiroba kinacholipa mjini ni cha majani. Kibera, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kugawa miche ya sukuma wiki ipandwe kwenye magunia, juu na kwenye matundu ya ubavuni. Sukuma unachuma leo, wiki ijayo unachuma tena. Kiazi unakivuna mara moja tu. Kama shida yako ni mboga ya jioni, jaza sukuma na spinachi, usiulize mtu.

Lakini viroba usivitupe. Kuna kazi moja ya viazi ambayo kiroba kinaiweza kuliko shamba la mjomba kule Olmotonyi: kuzalisha mbegu.

Nimelipata hilo huku huku. Ukitoka Dundee kidogo tu unaingia mashamba ya Angus, na mengi yanalima viazi vya mbegu. Wakulima wa Uingereza kwa sehemu kubwa hutegemea mbegu ya Scotland, na sababu ni hii baridi na upepo ninaolalamikia kila barua. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani na kusambaza virusi, hawastawi kwenye upepo wa namna hii. Wakaguzi wa serikali hupita mashambani mimea ikiwa bado mibichi, na mbegu hupewa daraja. Likizo ya shule ya Oktoba wenyeji wanaiita mpaka leo likizo ya viazi, maana zamani watoto walifungiwa shule wakavune.

Na historia hii imefika kwetu Afrika Mashariki, kwa heri na kwa shari. Aina ya Kerr's Pink, ambayo Wakenya wameilima miaka mingi, ilizalishwa na Mscotland James Henry mwaka 1907 na ikaanza kuuzwa 1917. Bakajani chelewa, ugonjwa unaobabua majani siku za ukungu, ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuua watu wapatao milioni moja, ulionekana Kenya mwaka 1941, na kidole kikanyoshewa mbegu zilizotoka Uingereza. Baadaye zikaja aina zenye jina la Roslin, kijiji cha karibu na Edinburgh, kuukabili. Ugonjwa na dawa vyote vilisafiri ndani ya mbegu.

Mjomba yeye anafanyaje? Anauza viazi vikubwa, vya kati mnakula, na vile vidogo vilivyobaki vinarudi ardhini. Mara nyingi kilichobaki kidogo ni cha mmea ulioumwa. Kila msimu anachagua wagonjwa na kuwapanda, halafu analaumu mvua.

Hapo ndipo uani kwako panapofaa. Ndoo kwenye chipsi inakuangusha kwa sababu viazi vyake ni vidogo, na mbegu nzuri ni hiyo hiyo ya ukubwa wa yai. Kinachotakiwa ni idadi na usafi. Mbegu 20 zikizaa nane nane, ni 160, za kutosha mistari kadhaa ya mjomba. Msimu unaofuata zinapita elfu moja. Si utajiri, na itawachukua misimu mitatu kuona robo eka imebadilika, lakini itabadilika.

Udongo uchukue kwenye shamba la mahindi, uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Usiguse palipolimwa nyanya, bilinganya au pilipili, hao ni ukoo mmoja na kiazi na wanaambukizana mnyauko. Kiroba kitoboe chini, kikunje hadi nusu, ukikunjue kadiri unavyoongeza udongo, na kiinue juu ya mawe, maji ya mtaro yasikifikie. Mwagilia udongo, usimwagilie majani. Chandarua kilichochakaa kikitandazwa juu ya vijiti kitapunguza vidukari. Mmea ukinyauka ghafla wakati udongo una maji, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na utulie dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ni mnyauko wa bakteria. Kiroba hicho chote kitoke, udongo wake usimwagwe kwenye bustani ya mtu.

Mbegu ya kuanzia usitegemee niibebe mimi kwenye begi. Mipaka ya mbegu ina sheria zake, na mamlaka yetu ya afya ya mimea, TPHPA, ina makao yake hapo hapo Ngaramtoni. Utafiti wa viazi kwa nchi nzima unaongozwa na taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kituo cha Uyole, Mbeya, lakini anzia TARI Selian au Tengeru, wakuelekeze nani anauza mbegu yenye lebo ya TOSCI, wale wanaothibitisha ubora wa mbegu. Ziko Asante, Sherekea, hata aina iitwayo Meru. Uliza ipi inafaa kukaanga, usichague kwa mapenzi ya jina. Ukiipata mwezi huu, ichipuze Septemba, uipande mvua za vuli zikikaribia. Trei za mayai hazikosi bandani kwako. Fedha nitatuma kwa simu, niambie bei tu.

Mjomba mwambie jambo moja dogo kwa sasa: viazi vyake vikitoa maua, apite shambani achomeke kijiti kwenye kila shina lenye afya, na mbegu ya msimu ujao itoke kwenye vijiti hivyo peke yake. Habari ya kwamba mbegu zake za miaka yote zimechoka niachie nimpigie mwenyewe Jumapili, maana hiyo hawezi kuipokea kutoka kwa mdogo wake.

Wasalimie wote hapo uani.

Mwanao