Miayo Wakati wa Sala

Akina mama wenzangu, jioni moja nilimkaripia binti yangu wa miaka 7 kwa kupiga miayo wakati wa sala. Akanijibu kwa upole, "Mama, umeanza wewe." Ni kweli, usiku uliotangulia nilikesha wodini.

Wengi husema miayo huletwa na upungufu wa oksijeni. Mwaka 1987 mtafiti Robert Provine na wenzake huko Marekani waliwavutisha watu oksijeni tupu, na miayo haikupungua. Hata mtoto tumboni hupiga miayo. Lakini kuambukizwa kwa kumwona mwingine huanza kwa watoto wengi wakifikia miaka 4 au 5.

Basi haikuwa dharau. Alikuwa akinitazama mimi, mama yake. Nilimwomba radhi, tukafupisha sala, tukalala mapema.