Kiungio Kilichokataa

Msomaji mpenzi, keti nami kitambo kidogo nikusimulie habari ya kitu cha plastiki kisichozidi ncha ya kidole, ambacho siku moja kilinitia hasira, kisha kikanitia adabu.

Mama yangu hawezi kumeza. Alipatwa na kiharusi mwaka 2020, na tangu hapo chakula chake hupita katika mrija uliopenyezwa kwenye ngozi ya tumbo. Nyumba yetu ipo Nyamira, katika mteremko wa majani-chai na migomba. Kila asubuhi nilikoroga uji mwepesi wa wimbi na maziwa, nikauchuja kwa kitambaa safi, nikauvuta kwa bomba kubwa lisilo na sindano, nikaichomeka ncha yake katika mdomo wa mrija na kuusukuma uji polepole, huku mama ameinuliwa kwa mito. Kazi hiyo niliizoea hata mikono yangu ikaweza kuifanya gizani. Wahenga walisema kuwa mazoea yana taabu, lakini mimi sikujua kuwa taabu yangu ilikuwa njiani.

Mwaka 2022 mrija ulichakaa, tukaenda hospitali ukabadilishwa. Tuliporudi jioni nilichukua bomba langu la siku zote, nikalichomeka. Halikuingia! Mdomo wa mrija mpya ulikuwa na mikato ya kuzunguka kwa ndani, kama kifuniko cha chupa, nao ulitaka bomba lenye shingo ya kuzungushwa mpaka likaze. Hakuna aliyetupa bomba la namna hiyo, wala aliyetuambia kuwa la zamani halitafaa. Nilipolishurutisha, uji ulimwagika juu ya shuka. Mama alinitazama. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno pia, lakini macho yake yaliuliza kisa cha kucheleweshwa. Saa mbili usiku ilikuwa saa ya dawa yake ya kuzuia kifafa.

Nilishika kisu ili niukate mdomo ule na kuurudisha mrija katika hali niliyoijua. Kabla ya kukata nilimpigia simu muuguzi mmoja mtu mzima, jirani wa zamani wa familia yetu.

"Usikate, mwanangu," alisema. "Ukikata hutakuwa na cha kuuzibia mrija, na yaliyomo tumboni yatatoka nje. Mama akionyesha dalili ya kifafa, mpeleke hospitali usiku huu huu. Asipoonyesha, njoo kwangu alfajiri."

Usiku ule sikulala. Nililowesha kitambaa nikamfutia mama midomo, nikahesabu pumzi zake, nikamlaani kila fundi aliyebuni kitu kile. Kifafa hakikuja, namshukuru Mungu. Alfajiri nilipanda pikipiki, nikafika kwa muuguzi, naye akanipa mabomba mawili mapya. "Hicho kilichokukasirisha," aliniambia, "ndicho kazi yake. Kiliumbwa kikatae."

Sikumwelewa mpaka niliposoma habari zake. Msomaji, sisi Wagusii mama humwita "baba". Mgeni anayejua Kiswahili tu, akimsikia mtoto akiita "baba", atamgeukia mwanamume. Neno ni moja na maana ni mbili. Mgeni hakosei kwa ujinga, bali kwa kudanganywa na mfanano. Ndivyo ilivyokuwa mirija ya hospitali. Kiungio kiitwacho Luer, kilichobuniwa Paris mwishoni mwa karne ya 19, kilitumika kwa kazi nyingi: mrija wa mshipani, wa tumboni, na mingineyo. Kila kimoja kiliweza kushikana na kingine. Mwaka 1972 jarida la matibabu la Uingereza liitwalo Lancet lilichapisha habari ya maziwa yaliyoingizwa katika mshipa wa damu kwa makosa. Makosa ya namna hiyo yaliendelea kutokea, na wagonjwa wakafa mikononi mwa wauguzi wema waliochoka. Ndipo wataalamu wakatengeneza kiungio kiitwacho ENFit, ambacho kanuni yake ilitolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 2016. Hicho hushikana na vifaa vya kulishia tu. Hakikuumbwa kushikana na mrija wa mshipani.

Naam, kitu hicho hakikosi udhia. Mikato yake hushika mabaki ya uji, basi yapasa kusuguliwa kwa brashi ndogo kila siku. Kikikazwa kupita kiasi hugoma kufunguka mpaka kikandwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Dawa ya kipimo kidogo sana huhitaji bomba lenye ncha ya pekee, la sivyo kipimo hukosa usahihi. Mambo haya nilijifunza moja baada ya jingine, na mikono yangu ikazoea upya.

Lakini naomba usidhani kuwa hasira yangu yote ilikuwa bure. Aliyebuni kiungio alitenda wema, ila wema huo ulipofika mlangoni kwetu ulikosa mtu wa kuueleza. Maneno machache, na bomba moja, vingetuepusha na usiku ule. Badiliko jema lisilotangazwa huweza kumlaza mgonjwa na njaa.

Basi wewe unayesoma leo shuleni, huenda kesho utakuwa muuguzi, au fundi, au mtunga sheria. Kumbuka mambo mawili. Kwanza, usiseme daima kuwa mtu awe mwangalifu. Mtu huchoka, kwa hiyo tengeneza kifaa kinachokataa kosa hata aliyekishika akisinzia. Pili, utakapobadili jambo, mfikirie yule aliye mwisho wa njia jioni, akiwa na bakuli la uji mkononi na mgonjwa akimngojea.

Mama yangu yu hai. Kila asubuhi naligeuza bomba robo ya mzunguko, kisha kidogo tena, mpaka lishike. Yeye hunitazama mkononi mpaka limeshika, ndipo hufumba macho.