Mizizi ya Gazi

Mimi ni mwalimu wa ngumbaru kutoka Machakos, na hadi safari hiyo sikuwa nimeiona bahari. Treni ilinishusha Miritini jioni, joto likanipokea kama mvuke wa sufuria ya githeri iliyofunuliwa. Asubuhi nikavuka feri ya Likoni nimekamata nguzo kwa mikono miwili, wenzangu wakila mahamri bila wasiwasi. Matatu hadi njia panda ya Gazi, bodaboda hadi kijijini.

Nilikwenda kujifunza kufundisha watu wazima mazingira kwa picha. Mwalimu hapigi picha; wanakijiji hupewa kamera, kisha kila mmoja hueleza alichokipiga. Hivyo ndivyo Caroline Wang na Mary Ann Burris walivyofanya na wanawake wa vijijini Yunnan, Uchina, miaka ya 1990. Watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wana mengi ya kueleza: kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 hivi za mikoko, na fedha za biashara ya hewa ukaa zimewaletea maji na vitabu vya shule.

Siku ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa. Lo! Mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama ghala la mahindi la kwetu juu ya miguu yake. Michu, jamaa ya mikoko, nayo imechomoza vijizizi topeni, vingi kama penseli zilizochomekwa. Kwetu mzizi ukionekana, mvua imeshabeba udongo. Niliwasikitikia wenyeji kwa dhati.

Siku ya pili picha zilitandazwa mkekani. Mama mmoja alikuwa ameipiga picha mizizi ile ile. Nikawahi kusema, "Hapa mmomonyoko umefika pabaya." Kimya. Kisha akaniambia taratibu, "La, mwalimu. Tope halina hewa. Mchu hupumulia hapo. Pabaya ni hapa." Akasogeza nyingine: tope laini, visiki vitatu, mzizi hata mmoja hauonekani. Mimi ningeipita, macho yangu yakitafuta makorongo.

Jioni wakataka kuona kwetu. Nikatoa simu, nikawaonyesha mlima wetu wenye matuta ya fanya juu. Mzee mmoja akaitazama kwa muda, akauliza, "Ngazi hizi zote, mwalimu, mwapanda kwenda wapi?"

Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikaanza na mtaro: unachimbwa vipi, na kwa nini udongo hutupwa upande wa juu.