Sebule ya Ghorofa ya Juu

Neno "hoteli" limeingia katika Kiswahili tangu zamani, na kila mahali limepewa maana yake. Kwa wengi wetu hapa Uganda, na kwa ndugu zetu wa Kenya pia, hoteli ni mahali pa kunywa chai kwa mandazi. Atafutaye pa kulala huuliza gesti au lojingi. Lakini miji mikubwa ina hoteli za namna nyingine, na ndani yake mna chumba ambacho Kiswahili hakijakipa jina lililotulia. Chumba hicho ndicho tutakachokizungumzia.

Tulikifikia kwa bahati. Tulikuwa walimu wawili, tumetoka Kampala kwa basi kwenda Nairobi kuhudhuria semina ya lugha. Vyumba vya kawaida tulivyowekewa na wenyeji wetu vilikuwa vimejaa, tukapandishwa ghorofa ya juu. Kadi tulizopewa badala ya funguo ndizo zilizoiamuru lifti. Asiye nayo hafiki huko. Mwisho wa ujia palikuwa na ukumbi wenye viti laini, magazeti, na madirisha mapana, ambayo kwayo tuliliona jumba la KICC lenye ghorofa 28, lililofunguliwa mwaka 1973. Asubuhi paliandaliwa kifungua kinywa, alasiri chai na keki, na jioni, kwa muda wa saa mbili, vitafunio na vinywaji. Hakuna aliyeletewa hesabu.

Mtu asidhani kwamba huo ni ukarimu mtupu. Gharama ya vitu hivyo imekwisha kutiwa ndani ya bei ya chumba. Na wengine huruhusiwa kuingia kwa kuwa wamelala siku nyingi katika hoteli za kampuni ileile. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko methali imepinduliwa: kadiri mgeni anavyozidi kulala ndivyo cheo chake kinavyopanda, wala jembe halitajwi. Nyumba za kale za Lamu zina daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo mgeni hupokewa kabla ya kuingia ndani. Daka huitazama njia na wapitao. Ukumbi ule uliitazama njia kutoka mbali mno hata nyuso za watu zisionekane.

Hata hivyo, lililotugusa zaidi ni lugha. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mwenye adabu na wepesi. Tulimwagiza chai ya rangi kwa Kiswahili, akaileta na kutujibu kwa Kiingereza. Tulimwuliza saa za chakula kwa Kiswahili, akatujibu vilevile. Ilhali kila mlango wa jikoni ulipofunguka, tulisikia yeye na wenzake wakizungumza Kiswahili kwa vicheko. Mwishowe alitwambia kwa sauti ya chini, "Walimu, huku juu tumezoea Kiingereza. Mgeni akisemeshwa Kiswahili hudhani amedharauliwa."

Jioni ya pili aliingia mzee mmoja, mfanyabiashara wa Lubumbashi, ajuaye Kifaransa na Kiswahili, asiyejua Kiingereza. Kadi yake ilikuwa imekataa kufungua mlango wa chumba. Kijana alianza kwa Kiingereza, akakwama. Kisha akamwita "mzee wangu", akaieleza shida yote kwa Kiswahili, na kwa muda mfupi kadi ikatengenezwa. Mzee alikuja kuketi nasi. Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga, cha kijana kilikuwa cha Nairobi, nasi tulikuwa na chetu cha darasani. Tulielewana hadi ukumbi ulipofungwa. Hakuna aliyeonekana kudharauliwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi, na mwezi Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maazimio hayo ni makubwa, nasi twayashukuru. Lakini mpaka mgeni mwenye kadi ya ghorofa ya juu aagize chai yake kwa Kiswahili bila haya, na mhudumu amjibu bila hofu, kazi yetu haijakwisha.

Basi twawaomba walimu wenzetu waongeze katika mazoezi ya darasani mazungumzo ya hotelini: kuwekesha chumba, kujiandikisha mapokezi, kuuliza saa ya kifungua kinywa, hata kulalamika kwamba maji ya moto hayatoki. Mwanafunzi mmoja awe mgeni, mwingine mhudumu, kisha wabadilishane. Kuhusu jina la chumba chenyewe, sisi twapendekeza "sebule ya wageni", kwa kuwa sebule ni mahali ambapo mwenyeji hupokea watu kwa heshima. Mwenye jina lililo bora na atuandikie.